Sanduku la Maoni

Ijumaa, kengele ya mwisho ikishalia
(kengele yetu ni rimu kuukuu ya trekta la miwa,
sauti yake kama sufuria iliyomponyoka mtu),
nafungua kufuli la sanduku la maoni
lililopigiliwa ukutani, kando ya mlango wa mhasibu.
Aghalabu halina kitu:
karatasi ya peremende, mjusi,
shilingi tano ya mtu aliyedhani ni la sadaka.

Ijumaa ile mlikuwa na kipande cha daftari la hesabu,
mwandiko umelalia kushoto:
*Mwalimu Mkuu, wewe unakula wapi?*

Basi. Hakuna jina, hakuna salamu.

Nimesoma barua nyingi katika kiti hiki.
Za wizara, zenye mihuri miwili.
Za wazazi wa Koru na Chemelil:
nusu ya karo sasa, nusu kiwanda kikilipa,
na kiwanda, kila mtu Muhoroni anajua,
hulipa siku kikiota ndoto njema.
Babake Cheruto alinilipa kuni, pikapu mbili,
nami nikamwandikia risiti: *kuni, pikapu mbili*.
Mkaguzi wa hesabu alicheka hadi akavua miwani.
Muhula ule githeri iliiva.

Lakini swali hili sikuwa na faili lake.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri,
harufu ya molasi ingali imelala juu ya paa,
nikaingia jikoni. Nyangweso akasimama wima,
mwiko mkononi, kama askari aliyefumaniwa.
Nikavuta kigoda. Nikavuta ungo.
Gunia la maharagwe lina mawe kuliko unavyodhani,
na sahihi iliyoidhinisha gunia lile
ni yangu, yenye mkia mrefu, ya kujivunia.

"Mwalimu," akasema Nyangweso, bila kunitazama,
"hilo ulilotupa si jiwe.
Ni haragwe kavu tu. Likilowekwa, laiva."

Nikainama kulitafuta sakafuni.

Odindo.
Godoro lilipowaka katika Bweni la Nyando
bodi ilitaka jina kabla ya Ijumaa,
nami nikawapa jina.
Aliyewasha kiberiti alifanya mtihani wake, akapasi vizuri,
kisha akaniandikia, usiku, kwa simu:
*Nisamehe mwalimu, nilikuwa mimi.*

Odindo sasa hukata miwa upande wa Tamu.
Ndiyo, mahali panaitwa hivyo.
Nilimfuata. Mara ya kwanza mamake alisema hayupo,
na viatu vyake vilikuwa mlangoni vikinitazama.
Mara ya pili alitoka, masizi hadi kwenye viwiko,
akanisalimu kama tulivyowafundisha, mikono nyuma,
akasema atafikiria.

Bado anafikiria.
Jina lake nimelirudisha rejistani, Kidato cha Tatu Mashariki.
Kila Jumatatu naliita mwenyewe,
na nyuma darasani yupo mmoja, simjui ni nani,
anayejibu: "Yuko njiani."
Simwambii anyamaze.

Wiki ya pili Cheruto alikuja jikoni, akidai amekosa usingizi.
Kisha wawili wa Kidato cha Kwanza, kwa ajili ya moto.
Leo tulikuwa sita kuzunguka ungo,
tukibishana kama Gor watafunga Jumapili,
na mmoja wetu alichambua kwa mkono wa kushoto.
Sikumwuliza kitu.
Nilimsogezea ungo karibu.

Saa saba nikapanga foleni, sahani mkononi.
Vijana wakataka kunipisha; nikakataa,
tumbo likinguruma mbele ya watu.
Nikala bwaloni, benchi lile lenye mguu mbovu.

Kijiko cha tatu: *kwach!*
Pamoja na macho yote yale, sita juu ya ungo mmoja.
Nikalitema jiwe kiganjani, meza nzima kimya,
nikalifuta, nikalitia mfukoni.

Ijumaa nitalitumbukiza sandukuni.
Mimi pia nakula hapa.