Msumari

Mimi ni mchochea tanuri wa shule ya Har Bulag.
Saa kumi alfajiri natia makaa,
saa kumi na mbili mabomba yanaanza kugugumia
na watoto wa bwenini wanatoa pua nje ya blanketi.
Mambo ya mitaala msiniulize.
Najua joto. Najua likipanda ghafla, bomba hupasuka.

Mwalimu Mkuu Narmandakh alipoibandua orodha ukutani,
ile ya wa kwanza hadi wa mwisho, kwa majina,
kikao cha kwanza kilimshinda.
Alisoma waraka, kurasa kumi na moja.
Wafugaji walikaa wakihesabu mbuzi wao kichwani,
na Bibi Tsendsuren, aliyeiandika orodha miaka thelathini
kwa wino mweusi na hati ya kupendeza,
aliondoka bila kufunga mlango.
Nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Usiku Mwalimu Mkuu alishuka kwangu.
Hakulia. Alishika beleshi anisaidie,
mikono ikamtetema hata beleshi likagonga ndoo.
"Nimewaambia kila kitu," alisema.
Nikamjibu: ndiyo, umewaambia.
Tukanyamaza, makaa yakialika.
Kisha akauliza kama nina chumvi ya chai.

Kabla ya kikao cha pili alikwenda kwa Tsendsuren mara tatu.
Mara mbili alipokewa na mbwa.
Ya tatu walizungumza nini, sikuambiwa.

Viti nilivipanga duara, likatoka kama yai.
Akasema, liache.
Chai ya maziwa ikapita mkono kwa mkono.
Dashnyam, pikipiki imemgandia njiani,
aliingia na barafu kwenye sharubu, akapiga meza:
"Bila namba nitajuaje binti yangu yuko wapi?
Mimi nilikuwa wa thelathini na mbili
katika darasa la watu thelathini na wawili!
Je, nilikufa?"

Nilimtazama Mwalimu Mkuu shingoni: mshipa unaruka.
Jibu alikuwa nalo. Nililiona likimfika ulimini,
akalimeza pamoja na chai.
Kidole gumba kikapita ukingoni mwa bakuli, polepole, mara mbili.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:
"Ulikuwa unaisoma umesimama wapi?"

Bomba likagugumia.
"Sikuisoma," alisema Dashnyam. "Nilimtuma mdogo wangu.
Mimi nilijificha chini, kwenye tanuri."
Akanigeukia. "Baba yako alinipa kiazi."

Sitadai kwamba wote walikubali.
Familia mbili zilihamishia watoto mji wa mkoa,
na mzee mmoja husema hadi leo shule imelainika kama siagi.
Tsendsuren sasa anaandika barua, moja kwa kila hema,
hati ileile, wino uleule.
Analalamika vidole vinamuuma,
analalamika kwa sauti, ili asikiwe,
na Mwalimu Mkuu husikia, humkalia karibu, humfungia bahasha.

Msumari wa orodha ungali ukutani.
Nilikwenda na koleo niung'oe. "Bado," alisema.
"Aliyeupigilia ndiye atakayeamua."

Jana Dashnyam alikuja kuchukua barua yake.
Alitafuta pa kutundika kofia, akapaona.
Akaisoma taratibu, midomo ikicheza,
amesimama katikati ya ukumbi.