Boksi la Vifungo

Kidonge kilikuwa kidogo, cha manjano kama punje ya mtama,
nami nilikuwa mtu aliyesahau kuoga.
Miezi mitano cherehani ilivaa khanga,
wateja wa Barabara ya Kumi na Tano wakaja kuchukua vitambaa vyao
kimya kimya, kama watu watokao matangani.

Nikameza. Wiki ya kwanza, kinywa kikavu.
Wiki ya tatu nikamsikia muuza mbaazi
na nikataka mbaazi.
Nani ajuaye ukubwa wa jambo hilo,
kutaka mbaazi?

Kopo nikalificha ndani ya boksi la vifungo.
Wifi yangu Mwanaidi angelisoma,
na Ngamiani nzima ingejua kabla ya adhuhuri.

Kisha usiku ule umeme ulipokatika,
nikawasha chemli nimalizie sare za shule,
na taa ikavaa pete.
Nyekundu, kijani, buluu, pete juu ya pete.
Nikasema: uzuri gani huu!
Uzuri ukaniingia jichoni kama msumari.

Nilitapika hadi nyongo. Jicho likawa gumu kama kokwa.
Kilua wa duka la spea akanipakia kwenye baiskeli hadi Bombo,
kila shimo la barabara nikilihesabu kwa kichwa.

"Unatumia dawa gani?" Sista Mbelwa akauliza.
Panadoli.
"Na nyingine?"
Nikatazama sakafu kwa jicho lililobaki.
"Mama, jicho lako lina mlango mwembamba, umezaliwa nao.
Zipo dawa zinazousukuma ufunge, maji yakakosa pa kutokea.
Usiponiambia, nakutibu gizani."

Daktari wa huzuni aliitazama huzuni.
Daktari wa macho aliyatazama macho.
Vyote viwili nilikuwa navyo mimi peke yangu,
nami ndiye niliyenyamaza.

Wakalituliza kwa matone, wakalitoboa kwa mwanga,
tundu dogo kuliko la sindano.
Miaka ishirini natoboa vitambaa;
sikujua na mtu hutobolewa apone.

Dawa waliibadilisha, hawakuniachisha.
Kulia, ukingo wa kitambaa bado unanipotea,
nageuza shingo kama kuku.

Kopo jipya liko mezani, kando ya mkasi,
maandishi yameelekea mlangoni.
Jana Mwanaidi aliyasoma, herufi kwa herufi.
Kisha akauliza
kupunguza gauni ni shilingi ngapi.