Pembeni mwa Ukurasa

Kutaisi, Februari, umeme umekatika tena.
Tsiala Mikadze kaisogeza meza hadi kwenye jiko la kuni:
madaftari thelathini na moja, chai imepoa,
kalamu nyekundu imetafunwa kisigino.

Insha: Mlango wa nyumba yetu.
Hii ni ya Badri, wa dawati la nyuma,
asiyenyoosha mkono hata akijua.
Mistari kumi na minne, nukta moja,
maneno yamebanana kama kondoo langoni.
Mkono ukaitangulia akili:
Hovyo. Rudia.
Akalifunga, akavuta jingine.

Lakini kuna kitu kilimnasa, kama uzi kwenye msumari.
Akalifungua tena. Mstari wa tisa:
na bawaba zinalia na mama hataki tuzitie mafuta
anasema baba akirudi usiku kutoka Polandi
nitajuaje

Jiko likatema cheche.
Wino mwekundu haufutiki;
lile Hovyo limekaa pale, limevimba, linamtazama.
Akalikata kwa mstari mmoja, ionekane kuwa limekatwa,
pembeni akaandika: Hili ni kosa langu.

Kisha polepole, kwa mwandiko wa kumwandikia mtu, si daftari:
Badri, hapa kwenye bawaba nilisimama.
Insha yako inaanzia hapa. Habari za rangi na kitasa zinaweza kungoja.
Weka nukta baada ya "mafuta", nami nipate pa kuvutia pumzi.
Unasema zinalia. Zinaliaje? Nifanye nisikie.

Alama akaiacha ilivyokuwa, tano kati ya kumi.
Huruma haijui hesabu,
na mtoto huijua sadaka kwa harufu yake.

Saa nne usiku. Kuni zimebaki mbili.
Angelala,
ila juu ya rundo lililokwisha palikuwa na daftari la Lamzira,
Lamzira wa nukta zote mahali pake,
ambaye tangu Septemba humwandikia Vizuri sana
na kufunua ukurasa wa mwingine.

Vizuri wapi? Sana nini?

Akatia kuni moja,
akaanza kumsoma, kwa mara ya kwanza,
kama mtu anayebisha hodi.