Tezi na Omo

Nilikwenda Mbaraki na kijaluba cha sindano,
nikasema: nasikia meli inataka watu wa kujitolea.
Mimi ni fundi wa nguo, Makadara, mwaka wa ishirini na sita,
mashati ya skuli, mapazia, suruali za kupunguza kiuno.
Mwenye daftari hakuuliza cheti.
Alinikunjulia tanga lililochanika, refu kama ukuta wa godauni.
Nikalipapasa kama mtu apapasavyo mgonjwa
nikajua: hapa cherehani haina lake.

Sindano yao ina pembe tatu.
Haisukumwi na kidole, inasukumwa na kiganja
kilichovishwa ngozi yenye kitufe cha chuma.
Wiki ya kwanza nilijidunga hata nikacheka.

Majirani: "Unalipwa ngapi?"
Silipwi. Napewa ugali, maharagwe,
na kitanda chembamba kama mwanandani.
"Basi Nyevu umerogwa."
Huenda.

Marehemu nyanya, kila nilipotoroka chuoni,
alinisubiri mlangoni na neno lake moja:
Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Nami mzawa wa kisiwa, niliyezungukwa na maji pande zote,
nilidhani tezi ni ule uvimbe shingoni mwa Bi Time
na omo ni sabuni ya unga.
Miaka arubaini na minane
nimekuwa nikimeza methali na maganda yake.

Serahangi Mwachupa ndiye aliyenimenyea.
"Bi Nyevu, peleka kamba hii omo."
Nikasimama kama mlingoti wa nne.
Akanyoosha mkono mbele, kule meli inakokatia maji.
Na tezi?
Nyuma, penye usukani.
Na ngama?
Akafunua kifuniko miguuni pangu:
giza, magunia ya viazi, makopo ya rangi,
harufu ya maji yaliyolala bila kuamshwa.
Nikashuka ngazi, nikakaa juu ya gunia.
Nyanya, nikasema, nimerejea.
Sikuwa hata nimeondoka.

Siku ya nne tulitoka na vijana kumi na wanne wa mafunzo.
Kivuko cha Likoni kikatupigia honi, tukangoja kipite.
Pale Mama Ngina watu walitupungia, mihogo mikononi,
na mimi, ambaye kila Idi husimama ukingoni pale,
nikaangalia ule ukingo ulivyo mfupi.
Kisha nikatapika. Upande usiofaa.
Mwachupa akanipa ndoo na ufagio, hakusema kitu.

Tanga likatwekwa, na kiraka changu juu kabisa.
Mwero wa Bombolulu, mdomo wake mrefu kuliko kamba,
akapanda wa kwanza kwenye foromali
na huko juu mdomo ukamfunga.
Mikono ikaganda. Alimwita mamake, si kwa sauti,
lakini upepo ulikuwa ukija kwetu.

Wakampigia kelele: shuka, usiogope, tazama mbele.
Mbele kuna nini? Maji.
Nikaweka mikono mdomoni:
"Mwero! Usoni pako pana kiraka. Nihesabie mishono!"
Kimya.
Halafu: "Moja."
Kila alipohesabu kumi alisogea hatua moja.
Sitini na moja ikamkuta kwenye ngazi ya kamba,
na jua lilikuwa limehama upande.

Alipokanyaga sitaha miguu ilimtetemeka kama ya mwana mbuzi.
Nilimpa chai. Hakunishukuru.
Alipuliza, akanywa, akafuta pua kwa kiwiko,
akasema: "Wa arubaini umekwenda upande."

Mimi! Fundi wa miaka ishirini na sita!
Sikulala. Nilisikia mbao zikilalamika
na huo mshono mmoja ukinicheka kule juu.

Alfajiri, kabla kengele ya zamu haijalia,
nilimkuta serahangi akikung'uta kikombe.
Nina uzito wangu, nina goti la kushoto,
sijawahi kupanda hata paa la nyumba yangu.

"Nifunge mkanda," nikamwambia,
sindano nimeitia mdomoni.