Mkia wa Faili

Mwanatumu kaja na fleshi kaifunga kwenye pindo la kanga,
mafundo mawili, kama hela ya mchezo.
"Harusi ya dada imo humu. Nitolee.
Keshokutwa mama anataka aione."

Nikaichomeka, hapa dukani, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
cherehani ya jirani ikinguruma ukutani.
Faili moja tu.
Kilobaiti mia nne na kumi.

Harusi ya siku tatu, na kibao kata, na mkesha,
haienei humo. Hata picha moja ya biharusi haienei.
Nikatazama mkia wa jina, zile herufi baada ya nukta.
Haukuwa mkia wa video.

Mpwa wake alikwisha kujaribu: kafuta mkia,
kabandika empifoo,
na simu ikagoma.
Mwanangu, ukimwita mbuzi ng'ombe
maziwa hayaongezeki.

Hili ni faili la mradi, Mwanatumu.
Si pilau. Ni karatasi ya mpishi:
mchele uko gunia lile, nyama iko kwa fulani,
iliki tia mwisho.

Nikalifungua. Skrini ikaiva wekundu,
vipande mia mbili na kumi na sita,
kila kimoja kinalalama: sikioni nilichoambiwa nikionyeshe.
Diski D, folda ya Pongwe, kamera ya pili.

"Diski D iko wapi?"
"Shehoza kauza kompyuta alipohama Mikanjuni."

Basi tukakaa, tukautazama mstari wa muda.
Sura hakuna. Tuliona mikono ya Shehoza tu:
hapa kakata, kajuta, karudisha;
hapa kashusha tarumbeta ili kigelegele kipite;
na hapa kipande kirefu, dakika nne,
hakukigusa kabisa. Kakipa jina:
baba_analia_usikate.

Mwanatumu akalisoma, midomo ikitembea.
Akalisoma tena.
"Nilikuwa uani naosha masufuria," kasema.
"Hakuna aliyeniambia kuwa alilia."

Nimempigia Shehoza mara tatu.
Anadhani kadi za kamera zimo kwenye kopo la maziwa
juu ya kabati, kwao Pongwe. Anadhani.
Kesho asubuhi nafunga duka, naenda.

Fleshi nimeinakili mara mbili.
Ule mkia nimeurudisha ulivyokuwa.