Chaki ya Limi

Mwaka wa kwanza Limi hakupanda kitu.
Alinunua boksi la chaki, zile za shule, dukani kwa Sitta,
akawa anainama uani saa nne, saa sita, saa tisa,
anachora pale kivuli cha ukuta kilipoishia.
Wapangaji tukanong'onezana: mama mwenye nyumba
sasa anataka kulitoza kodi na jua.

Nyumba zenyewe za Mabatini juu unazijua:
vyumba vinane vimeuzunguka ua,
na katikati, lililowashinda mafundi na baruti,
jiwe. Ukubwa wa basi.
Mchana kutwa linakunywa jua,
usiku tukishalala linalicheua
polepole, kupitia kuta, hadi kwenye godoro.

Marehemu mumewe alimwaga zege ua mzima.
Tope si maisha, alisema.
Saa saba Ngolelwa, mtoto wa chumba cha tatu,
alivuka pekupeku kwa kurukia vivuli vya kanga zilizoanikwa,
kutoka jina hadi jina, asiungue.

Tulimshauri bati. Bati kumi na mbili, basi, yaishe.
Akatutazama. "Mnataka ua au mnataka tanuri?
Hilo joto litatokea wapi, mifukoni mwenu?"

Kwa hiyo, chaki.
Juni mistari iliegemea kusini,
jua likipita ng'ambo ya pili ya paa.
Desemba ikahamia mlangoni kwa Masalu, fundi redio.
Na mwishoni mwa Septemba, saa sita na dakika arobaini,
hakikuwepo cha kuchora:
kivuli cha ndoo chini ya ndoo,
cha Limi chini ya kandambili zake.
Alisimama hapo na chaki mkononi
kama mtu aliyeitwa, akafika, akasahauliwa.

Mwaka wa pili ikawa nyundo.
Zege likang'oka kulizunguka jiwe, udongo ukapumua.
Shemeji yake akaleta nyavu za dagaa kutoka Igombe,
zimechoka, zimetoboka, zinanuka,
tukazifunga paa kwa paa, zikining'inia zaidi magharibi,
maana chaki ilishasema: mkorofi ni jua la saa tisa.
Miche mitatu ya pesheni chini.
Miezi kumi tukaishi na harufu ya dagaa bila kivuli.
Paka tu ndio waliotuelewa.

Ukuta wa upande wa ziwa akautoboa matundu manne, chini kabisa.
Upepo ukaanza kuingia kwa kutambaa,
unapita juu ya udongo uliomwagiwa maji ya kuoshea mchele,
unakufikia vifundoni kwanza.

Jana saa nne usiku niliweka kiganja kwenye jiwe.
Vuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala.
Majani yamelifunika hadi kiunoni,
na Ngolelwa, siku hizi mrefu,
huandika hesabu zake amelala kifudifudi hapo zilipokuwa kanga.

Limi kwa Kisukuma ni jua. Tumemtania nalo mpaka limechuja.

Kasoro moja imebaki: Desemba, mlangoni kwa Masalu,
kipande cha zege kama meza, jua linakishukia bila simile.
Asubuhi ya leo amegoma kulipa kodi yote.
Limi hakubishana.
Ameingia ndani, tumesikia droo ikivutwa,
akatoka anapuliza vumbi kwenye boksi.