Milisekunde Mbili

Bili ya Mama Ndelwa ilikuja imekunjwa mara nne,
unga umeingia mpaka kwenye tarakimu.
"Nasaga kidogo, nalipa kingi," akasema,
akaibwaga juu ya meza yetu, Gerezani,
kati ya waya na kikombe cha kahawa.
"Nani ananila?"

Fundi Mshamu hakumjibu. Alinigeukia mimi:
"Nenda Manzese na kile kisanduku.
Ukirudi sikuulizi kimesoma ngapi.
Nakuuliza kinasomaje."

Kisanduku nilikilehemu mwenyewe,
kwa kunakili, kama mwanachuoni
anayeghani herufi asiyejua maana.
Transfoma ndogo: inaishusha volteji
mpaka isiweze kuua mtu.
Pete ya koili: inavishwa waya mnene wa mota,
inausikiliza mkondo bila kuukata.
Vilinganishi viwili, kazi yao nyepesi mno:
wimbi likipanda juu ya sifuri, sema ndiyo,
likishuka, sema siyo.
Mawimbi yanaingia na migongo ya mviringo,
yanatoka na kona, kama matofali.

Kisha lango.
Hapo ndipo nilipopotea kila siku.
Nilijua jina lake, nilijua miguu yake kumi na minne,
sikujua lina nia gani.

Mashineni, mota ilivuma hadi kwenye meno.
Nikavisha pete, nikasubiri.
Mlangoni Chande na Lukindo walipakia magunia.
Chande keshainua, Lukindo bado anafuta jasho:
gunia likalala upande,
nguvu imetoka, mzigo haukwenda.
Siwema, mwenye mzani, hasemi neno
wote wakiwa wameinama.
Hasemi neno wote wakiwa wamesimama.
Ila mmoja akiwa juu na mwenzake chini
anapiga kelele,
na kelele haziishi mpaka walingane.

Nikacheka peke yangu, unga mdomoni.
Lango ni Siwema!
Likiona ndiyo mbili, kimya. Siyo mbili, kimya.
Ndiyo na siyo, linapiga kelele,
na urefu wa kelele ndio urefu wa kuchelewa.

Kiooni: milisekunde mbili.
Kope haijui kufumba kwa muda huo.
Lakini wimbi zima ni milisekunde ishirini,
basi kila moja ni nyuzi kumi na nane,
mbili ni thelathini na sita,
na kosaini yake: nukta nane moja.
Waya wa Mama Ndelwa umebebeshwa mia,
themanini na moja tu ndizo zilizosaga.

Nikarudi Gerezani natembea kama mwenye mali.
Nikamweleza Fundi habari za Siwema,
magunia, kelele, yote.
Alisikiliza, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani.
Akaniuliza neno moja:
"Huyo Siwema, anajua nani kachelewa?"

Nikanyamaza.

Kwa sababu hajui.
Anapima ugomvi, hamjui aliyeuanza.
Mota huuchelewesha mkondo, kapasita huutanguliza,
na ukizidisha kapasita
utasoma nukta nane moja ileile
ukadhani mgonjwa yu vilevile
kumbe umempa ugonjwa wa pili.

Akaichukua bili, akaigeuza mgongo,
akachora kijisanduku kimoja zaidi, na mshale.
"Huyu hapigi kelele," akasema.
"Volteji ikiinuka tu, yeye anageuza shingo mara moja:
mkondo keshasimama, au bado?
Basi. Halafu anakumbuka alichoona
mpaka volteji iinuke tena."

Mama Ndelwa alipiga simu magharibi.
"Mmemkamata?"
Nikamwambia hakuna mwizi, mama.
Ni wawili wanaobeba gunia moja,
na kesho nitakuja kukwambia
ni yupi wa kusubiriwa.

Nikawasha pasi ya lehemu.
Juu ya mchoro, unga wake ulikuwa bado unang'ang'ania,
nikaupuliza taratibu, nisifute mshale.